Uzi: Nguo za ofisini kwa anayerudi kazini baada ya miaka miwili mitatu nyumbani, tuanzie wapi?

KabatiLaKijichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Swali la nguo za kurudia kazini huibuka kila mara kwenye nyuzi za ajira na kujibiwa nusunusu. Huyu anasema nunua suti, yule anasema vaa ulichonacho. Nimeona tulifungulie uzi wake.

Namzungumzia mtu aliyekaa nje ya ofisi miaka miwili, mitatu au zaidi, awe alikuwa analea, anaugua, anauguza mzazi, yuko masomoni au alipunguzwa kazini. Mazingira ninayoyajua ni ya Dar. Wa mikoani na majirani zetu ongezeeni.

Msimamo wangu ni kwamba duka ni hatua ya mwisho. Anza na kabati na futi kamba. Mwili wa leo si ule wa siku ulipoaga, na hata ukiwa na kilo zilezile, zimehama mahali: kiuno kimenenepa, nyonga zimepungua, mabega yameshuka. Ukienda dukani na saizi ya kichwani utarudi na nguo za mtu mwingine.

Jipime hivi, kwa sentimita, na uandike kwenye simu:
- Kifua: pale palipojaa zaidi, ukiwa umevaa sidiria utakayovaa kazini. Sidiria iliyochoka hushusha kifua na kuharibu kipimo chote.
- Kiuno: inama ubavuni, panapojikunja ndipo.
- Nyonga: palipopana zaidi, kwa kawaida sentimita 18 hadi 22 chini ya kiuno.
- Bega hadi bega, mgongoni.
- Mkono: kutoka ncha ya bega hadi kifundo, kiwiko kimekunjwa kidogo.
- Mguu kwa ndani, hadi sakafuni, ukiwa na viatu.

Usiivute futi kamba, na usibane tumbo. Hakuna anayekuangalia.

Halafu toa nguo zote za zamani, uvae moja moja. Kusimama mbele ya kioo peke yake hakutoshi. Kaa kwenye kiti cha mezani dakika kumi, inua mikono kama unayeshika bomba la daladala, inama kuokota kalamu. Sketi nyingi hufaulu kwenye kioo zikafeli kwenye kiti. Kisha gawa mafungu matatu: inavaliwa, ya fundi, na ya kutoa. Fungu la "nitapungua tu" halipo.

---

FundiMchikichini

Mwanzisha uzi umesema vizuri. Naongeza upande wa fundi, maana watu hutuletea nguo na matumaini ambayo kitambaa hakiwezi kuyabeba.

Kabla hujaja, ipindue nguo nje ndani na utazame kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Hapo ndipo penye jibu. Suruali ya suti ya kiume mara nyingi huachiwa akiba kwenye mshono wa nyuma, kutoka kiunoni kushuka makalioni. Ukikuta sentimita 2.5 kila upande, unapata kutanua sentimita 3 hivi, kwa sababu lazima ibaki sentimita 1 kila upande ya kushikia mshono. Nguo za dukani za bei ya chini zimepigwa ovaloki karibu kabisa na mshono, imebaki nusu sentimita. Hiyo haitanuki. Fundi akikuambia atatanua, atakuwekea kiraka ubavuni, na kiraka cha ubavuni kwenye suruali ya ofisini kinaonekana ukipanda ngazi.

Kubana ni rahisi zaidi ila nako kuna mwisho. Kiuno cha suruali ukikipunguza zaidi ya sentimita 5, mifuko ya nyuma inasogeleana na zipu ya mbele inapinda. Kwa koti, ubavu na mgongo tunapunguza vizuri, mikono tunafupisha. Bega liache lilivyo. Kurekebisha bega ni kufumua mkono, kola na bitana, na gharama yake inakaribia koti jingine. Ndiyo maana koti hununuliwa kwa bega, hayo mengine fundi anamalizia.

Mikono ya koti, angalia vifungo vya pale mwishoni. Kama matundu yake ni ya kweli, yamekatwa, kufupisha kutokea chini hakufai: tundu litabaki ukingoni kabisa. Kama ni pambo tu, hakuna shida.

---

mama_wa_wawili

Fundi shikamoo. Gauni la krepu linabana kifuani tu, kwingine liko sawa, na ndani kuna sentimita 2 kila upande. Linafaa kufumuliwa?

---

FundiMchikichini

Marahaba. Krepu ina hila mbili. Kwanza, sindano ya zamani inaweza kuwa imeacha matundu ambayo hayafungi, hasa ikiwa ina satini kwa upande mmoja. Pili, rangi: kitambaa kilichokuwa nje kimepauka, kilichokuwa ndani ya mshono bado kimekoza. Ukifumua unapata mstari wa rangi mbili kuanzia kwapani hadi kiunoni.

Fumua sentimita 5 tu chini ya kwapa, pahali mkono unapofunika. Piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chenye unyevunyevu, kisha tazama kwenye mwanga wa nje. Matundu yakijifunga na rangi ikiwa moja, endelea. Yakibaki, gauni hilo livalie koti au kadigani juu, usiliumize.

Na upindo wa zamani ukishushwa huacha mstari uleule. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pakaa kwenye mstari, funika kitambaa cha pamba, piga pasi. Mkunjo unaondoka. Ila kama ni kupauka na si mkunjo, siki haitarudisha rangi.

---

Ghala_la_Karume

Mimi upande wangu ni mitumba, na nasema wazi: kwa koti na suruali ya ofisini, mtumba wa daraja la kwanza unaushinda mpya wa bei ileile. Kitambaa kizito zaidi, bitana nzima, mshono una akiba ya kutanua kama alivyosema fundi. Kwa blauzi nyeupe nasema kinyume: nunua mpya au shonesha.

Nenda asubuhi belo linapofunguliwa. Vaa fulana na skintaiti ili uweze kujaribu juu ya nguo papo hapo, na beba futi kamba. Namba za lebo zisikuzuzue: 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na mara nyingi 40 ya Ulaya, na bado kila kiwanda kina mkono wake. Lilaze koti au suruali, pima upana wa kiuno, zidisha kwa mbili, linganisha na namba iliyo kwenye simu yako.

Sehemu za kukagua, tena kwenye jua, si chini ya turubai la bluu linalobadilisha rangi zote:

Kwapani, ndani na nje. Njano ikishakauka kwenye nyeupe imehamia. Kola, pale inapokunjwa. Makalioni na magotini, geuza kwenye mwanga: kitambaa kikimetameta ni kwamba nyuzi zimelala kwa kukaliwa na pasi, na hazisimami tena. Zipu, panda na kushuka mara tatu. Vifungo, hesabu, na utafute cha akiba ndani ya ubavu.

Sasa koti, hapa ndipo watu hupigwa. Shika sehemu ya mbele, chini ya kola, kwa vidole vya mikono miwili, upande wa nje na wa ndani, usugue taratibu. Ndani mna kitambaa cha kukaza kilichogandishwa kwa gundi. Kama gundi imeachia kwa kufuliwa vibaya, utaona vipele vya hewa juu, kama rangi ya ukuta iliyolowa. Vipele hivyo havipigiki pasi, na fundi hana dawa. Rudisha, hata likiwa la bei ya chai.

Nguo za ndani za mtumba Shirika la Viwango (TBS) lilishazipiga marufuku, kwa hiyo hizo tusizijadili.

---

pasi_na_kamba

Ghala umegusa weupe. Madoa ya njano kwapani yanatokana na jasho kuchanganyika na alumini iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Wengi hukimbilia Jiki, na Jiki huzidisha njano hiyo badala ya kuiondoa. Tumia vijiko 3 vya soda ya kuokea na kijiko 1 cha maji, iwe uji mzito, sugua kwa mswaki laini, acha dakika 30, suuza, fua kama kawaida. Rudia mara mbili kabla ya kukata tamaa. Usipige pasi wala kuanika juani doa likiwa bado lipo, joto linalikaza.

Nguo zilizokaa kabatini miaka mitatu hapa pwani zina mambo mengine pia. Lastiki ya kiuno: ivute mara moja, ikitoa sauti ya kukwaruza imekufa, badilisha kabla haijakuachia njiani. Koga kwenye mkanda na mkoba wa ngozi: futa nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha siki na maji nusu kwa nusu, kausha kivulini, ndipo upake mafuta ya ngozi. Ngozi ya bandia ikianza kubanduka usihangaike nayo. Ukipaka kiwi inabanduka na kiwi chake.

---

Mguu_Sawa

Viatu vinasahaulika hadi usiku wa Jumapili.

Viatu vyenye soli nyepesi ya povu, zile laini za moka na flati nyingi, huvunjikavunjika vikikaa bila kuvaliwa. Unyevu wa hewa huoza ile plastiki pole pole. Kiatu kinatoka kwenye boksi kizuri kabisa, kinafika kituoni, na soli inaanza kuacha makombo kama mkate. Bonyeza soli kwa ukucha: ikibonyea na isirudi, au ikitoa unga, peleka kwa fundi viatu abadilishe soli yote. Kuigundisha tena ni kupoteza gundi.

La pili, mguu hubadilika. Baada ya ujauzito, hasa wa kwanza, unyayo unaweza kulala na mguu kurefuka moja kwa moja. Jaribu viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa siku nzima, na pima miguu yote miwili. Nunua kwa ule mkubwa.

Aliyekaa nyumbani na ndala miaka miwili asianze na mchuchumio wa sentimita 8. Sentimita 3 hadi 5, kisigino kipana, na avivae nyumbani saa moja moja kwa wiki nzima. Jozi mbili za kupokezana zinatosha. Kiatu cha ngozi kinahitaji siku nzima kukauka jasho la jana.

---

mama_wa_wawili

Na anayenyonyesha jamani? Maana mnasema blauzi blauzi, mtu ana mtoto wa miezi minne.

---

DawatiLaUtumishi

Dada, tuanze na haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 kwa mapacha, na ukirudi, mwajiri anatakiwa kukuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Kwa hiyo nguo lazima ikubali kufunguka haraka, iwe ni kunyonyesha au kukamua.

Gauni lenye zipu ya mgongoni likae kando kwa mwaka huu, maana utalivua lote chooni. Chukua blauzi ya vifungo mbele, au ya kupishanisha mbele yenye kifungo cha kubana ndani. Blauzi ya vifungo huachama kifuani, pale kati ya kifungo cha pili na cha tatu. Usihamie saizi kubwa kwa ajili ya hapo tu, utapwaya mabegani. Mwambie fundi ashone kifungo kidogo cha kubana kwa ndani katikati ya vile viwili.

Rangi: maua madogomadogo au rangi nzito huficha maziwa yakivuja. Kijivu cha kati na bluu ya mbingu huonyesha kila tone, satini ndiyo mbaya kuliko zote. Pedi za kifuani weka jozi mbili za akiba mkobani na blauzi moja droo ya ofisini.

Aliyejifungua kwa upasuaji aangalie mkanda wa sketi unapita wapi. Ukikaa juu ya kovu, utasugua siku nzima. Kiuno cha juu chenye lastiki nyuma na ubapa mbele, blauzi ikitoka nje kidogo, hakuna anayejua.

Ushauri wa ofisi kwa wote: kabla ya kununua, piga simu uulize maswali matatu. Kuna sare? Baadhi ya mabenki huvaa sare siku maalumu, na wapo walionunua nguo za wiki nzima wakakuta tatu kati ya siku tano ni sare. Ijumaa mnavaaje? Na nitakuwa ndani au uwandani? Serikalini kuna waraka wa mavazi wa mwaka 2007: jinzi, fulana, nguo za kubana na zinazoonyesha mwili hazina nafasi. Kwenye mashirika ya miradi, kadeti na fulana ya fom siksi, ile yenye kola, ndiyo suti yao.

---

Mdau_wa_Posta

Nguo ngapi sasa? Mtajeni idadi, wengine mfuko una tundu.

---

KabatiLaKijichi

Kwa wiki mbili za mwanzo: za chini 3, za juu 5, koti au kadigani 1, viatu 2. Sharti ni moja tu, kila ya juu ikubaliane na angalau mbili za chini. Ndiyo maana za chini ziwe nyeusi, bluu nzito na kijivu, bila maua. Zikikubaliana zote unapata mavazi 15 kwa vipande 8. Ukifua Jumatano na Jumamosi hukwami.

Bei sitaji. Bei ya Kariakoo asubuhi si ya mchana, na ya mwenye haraka si ya mwenye subira. Ila pesa kubwa iende kwenye viatu, suruali na koti. Za juu zinabadilika kila siku, za chini zinakaliwa kila siku.

Zilizobaki subiri uone wenzako wanavaa nini. Ofisi uliyoiacha na tai inaweza kuwa sasa ni shati la mikono mirefu tu na koti likiwa limetundikwa kitini kwa ajili ya wageni.

---

KitengeNiHeshima

Napinga hiyo "bila maua". Kitenge kimeshonwa vizuri ni nguo ya ofisi siku yoyote, si ya Ijumaa tu.

---

FundiMchikichini

Ni kweli, kikikatwa kwa akili. Tatizo la kitenge cha bei nafuu ni wanga wa kiwandani. Dukani kizito, kinasimama. Ukifua mara moja kinalala kama kanga ya usiku, na gauni lililokaa sawa mwilini linapanda juu kwa kuwa kitambaa kimenywea. Kiloweke usiku kucha, kianike, kipigie pasi, NDIPO ulete nikate. Pamba na viskosi vyote vifanyiwe hivyo.

Gauni la kufika magotini lenye mikono, yadi 3 za kitenge cha kawaida. Michoro ikiwa mikubwa, ongeza nusu yadi hadi moja ili niilinganishe. Usiponunua nyongeza, usilalamike ua limekaa katikati ya kalio moja. Kwa kitambaa cha suti chenye upana wa sentimita 150, suruali hula mita 1.2 hadi 1.3, suti ya kiume mita 3 hadi 3.5.

Na muuzaji akikuapia "pamba tupu", omba uzi mmoja, uuchome. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Sufu inanuka nywele. Poliesta tupu kwenye daladala la saa moja asubuhi ni adhabu. Mchanganyiko wenye pamba nyingi unapumua na haukunjiki sana.

---

Bint_Mkunazini

Kwa tunaojifunika: mitandio mitatu inatosha, mweusi, wa rangi ya mchanga, na mmoja wa rangi unayoipenda. Shifoni inateleza, inahitaji kofia ya pamba chini yake. Pini zinatoboa, tumia vishikizo vya sumaku. Na blauzi ya mikono mifupi juu ya skintaiti ya mikono mirefu huonekana ni ya haraka haraka. Afadhali mkono mrefu wenye kifungo, unakunjika wakati wa udhu.

---

wa_Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Yote ni sawa ila huku Julai ni baridi, blauzi nyepesi na kadigani havitoshi asubuhi. Ongeza koti zito la pili na soksi ndefu. Kwenye soko letu la mitumba la Gikomba, ukitaka daraja la juu kabisa uliza "kamera". Na wanaume je? Mmewasahau.

---

Ghala_la_Karume

Mwanaume ana mambo machache. Shati: funga kifungo cha shingoni, vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Vitatu, shati limekuwa kubwa, na tai italikunja kama mfuko wa maharage. Mshono wa bega ukae kwenye ncha ya bega. Aliyepungua sana baada ya kuugua asikaze mkanda hadi suruali ifanye marinda mbele, akapunguze kiuno kwa fundi kwanza. Suruali ya modo ya mwaka ule iache. Upindo ugusie kiatu tu, na fundi aache akiba ya sentimita 4 ndani.

---

Mdau_wa_Posta

Shukrani wakuu. Mtu amebakiza siku 10, apangeje?

---

KabatiLaKijichi

Siku ya 1 na ya 2: kupima, kujaribu, kupiga zile simu. Ya 3: nguo za marekebisho kwa fundi, na viatu kwa fundi viatu. Ya 4: mtumba au duka, kwa orodha ya kinachopungua tu. Ya 5: kufua vyote vilivyonunuliwa, na vinavyohitaji kubanwa kupelekwa kwa fundi. Ya 7: kuchukua, kuvaa pale pale kwa fundi ukiwa na viatu vya ofisini, kukaa, kuinama. Ya 8 ni ya makosa ya fundi. Ya 9, vaa vazi la siku ya kwanza, toka nalo hadi kituoni na kurudi, kwa saa ileile utakayosafiri.

---

FundiMchikichini

Hiyo siku ya 8 nimeiona, mkuu.

---

KabatiLaKijichi

Fundi, ukisema "kesho jioni" sisi tunahesabu siku tatu. Tumeziweka humo.